Tela Halina Kioo cha Mbele

Jumamosi moja ya mwezi wa saba, baridi ya Mbeya ikiwa imeshika mifupa, nilijilaza chali juu ya kipande cha turubai chini ya tela pale Iyunga. Aliyenialika chini ni fundi wa breki, mzee ambaye grisi imeingia hadi kwenye mistari ya viganja vyake. Alinishika kidole akanipeleka kwenye mpira wa upepo unaolisha ekseli ya kati.

"Shika hapo, mwanangu. Umeona?"

Mpira ulikuwa umekunjwa mara mbili na kufungwa kwa ukanda uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Mbele ya pale palikuwa panavuja, na mtu fulani huko njiani, badala ya kununua mpira mwingine, aliona aukabe. Ekseli hiyo haikuwa na breki tena. Tukasogea ya nyuma. Upande wa kulia, kwenye busta, lile kopo la upepo linalosukuma breki, kulikuwa na boliti refu limekazwa kuvuta springi irudi nyuma. Springi hiyo kazi yake ni moja: upepo ukiisha, iibane breki yenyewe bila kuombwa na mtu. Ukiifunga kwa boliti umeiambia ilale. Upande wa kushoto hapakuwa na boliti, ila lainingi, lile bamba linalosugua dramu ya gurudumu ili lisimame, ilikuwa imelika mpaka chuma kinakaribia kusaga chuma.

Nikamuuliza, "Mzee, kwa hiyo linashika wapi?"

"Ya mbele inashika kidogo. Mengine yanabebwa na kichwa." Kichwa ni lile gari la mbele lenye injini, linalovuta tela.

Tela lile lilikuwa na mbolea, linatoka Dar es Salaam kwenda Zambia. Lilikuwa limepita mizani ya Vigwaza, ya Mikese, ya Wenda, ya Makambako na ya Uyole, na kote huko likaonekana liko ndani ya uzito. Gereji lililetwa kwa sababu ya taa ya nyuma isiyowaka. Dereva alihofia trafiki wa mbele wasimsimamishe kwa taa. Na mbele yake, kabla hajafika Mbalizi, kulikuwa na mteremko wa Iwambi.

Nimeishi na barabara hii maisha yangu yote, na siku ile ndipo nilipoelewa kitu ambacho kilikuwa mbele ya macho yangu siku zote. Kila lori linalozidi tani 3.5 linapandishwa mizani kituo baada ya kituo, kwa sababu uzito uliozidi unaharibu lami, na lami ni fedha ya umma. Jambo jema kabisa. Lakini katika zaidi ya kilomita 900 za kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma, hakuna mahali ambapo lori hilohilo linalazimika kupanda juu ya kitu na kuthibitisha kwamba linaweza kusimama. Tumeiwekea lami mlinzi kila mkoa. Mama anayeuza parachichi ukingoni mwa lami hiyo hatujamwekea.

Tuangalie hesabu, kwa maana ndiyo inayoonyesha kwa nini nasema tela na wala sisemi lori kwa jumla. Sheria ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ya mwaka 2016, ambayo sisi tulianza kuitumia Machi 2019, inaruhusu tani 8 kwenye ekseli ya usukani, tani 18 kwenye ekseli mbili za nyuma za kichwa, na tani 24 kwenye ekseli tatu za tela. Hilo ndilo gari la kawaida la njia hii, na jumla yake ni tani 50. Karibu nusu ya uzito wote inakaa juu ya magurudumu ya tela. Magurudumu hayo yanatakiwa yajizuie yenyewe, kwa breki zake yenyewe. Yasipojizuia, kichwa kinabaki kuzuia mzigo ambao hakikuundiwa.

Na mteremko hauna huruma na jambo hilo. Gari la tani 50 likishuka mita 100 kwa wima, nguvu inayotakiwa kumezwa, ikigeuka joto, inatosha kuchemsha maji ya baridi ya asubuhi ya Mbeya kama ndoo 7 za lita 20. Joto hilo lote, ukiacha linalopunguzwa na injini kwa gia nzito, linakwenda kwenye madramu ya breki. Likigawanywa kwenye ekseli zote, kila dramu inapata sehemu yake na gari linafika chini salama. Likiachiwa dramu chache, zinawaka. Dramu ikipata moto hutanuka na kuikimbia lainingi; mkono wa busta unalazimika kusukuma mbali zaidi ili breki iguse, na kama hakuna aliyekumbuka kuukaza, unafika mwisho wake kabla haijagusa. Dereva anakanyaga na hakuna kinachokuja. Sisi tunaokaa kando ya barabara tunaijua ile harufu ya breki inayotangulia gari. Watoto wa Iwambi wanaijua kabla ya kujua kusoma.

Kila ajali inapotokea tunaambiwa chanzo ni kufeli breki. Naomba tuache kuridhika na jibu hilo. Breki hazifeli kama mvua inavyonyesha. Mpira uliokabwa kwa tyubu ulikabwa na mkono wa mtu, na boliti la busta lilikazwa kwa spana. Lainingi haimalizwi na safari moja. Tunapoandika "kufeli breki" tunataja dakika ya mwisho ya hadithi iliyoanza miezi mingi nyuma, gereji fulani, ofisi fulani, katika mazungumzo ya simu kati ya dereva na mwenye gari. Juni 2024, pale Simike katikati ya jiji letu, lori lilifeli breki likakusanya magari mengine, na zaidi ya watu 10 hawakurudi nyumbani. Tulizika, tukachanga, viongozi wakaja. Kuhusu breki zenyewe, neno tulilobaki nalo ni lilelile moja.

Wengi watanijibu kwamba ukaguzi upo, na ni kweli upo. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza gari bovu barabarani na inampa askari mamlaka ya kulikagua. Kuna Wiki ya Nenda kwa Usalama, kuna stika. Sikatai, na nawaheshimu askari wanaosimama juani Uyole kutwa nzima. Lakini ukaguzi tunaoujua wengi wetu ni wa macho, kando ya barabara, kwa dakika chache. Macho yanaona tairi kipara, yanaona taa, yanaona kioo kilichopasuka. Ndiyo maana dereva wa mbolea alipeleka taa yake gereji. Kinachoonekana kinatengenezwa. Kilichofichwa nyuma ya gurudumu, ambacho ndicho kinachoua, kinaachwa mpaka safari ijayo. Stika yenyewe tumezoea kuiona kwenye kioo cha mbele, na tela halina kioo cha mbele.

Hapo ndipo penye kiini cha ninalolisema. Tela kwetu lina namba yake ya usajili na kadi yake, lakini kichwani mwetu limebaki mkia wa gari. Mwenye kampuni anabadilisha oili ya kichwa kwa kalenda, kwa kuwa kichwa kikiharibika kinasimama na hela inasimama. Tela haliwezi kugoma kuwaka, halina injini. Linavutwa likiwa zima, linavutwa likiwa bovu. Isitoshe, tela halina dereva wake: leo limeungwa kwenye kichwa hiki, kesho linashushwa miguu yake ya kusimamia na kuachwa yadi, keshokutwa linaungwa na dereva mwingine ambaye hajawahi kuliona. Huyo anaunga mipira miwili ya upepo, waya wa taa, anazunguka mara moja akipiga matairi kwa rungu asikilize mlio, anaondoka. Historia ya breki za tela hilo anaijua nani? Yule aliyekaza boliti la busta yuko Kapiri Mposhi, Zambia.

Na breki si kitu pekee. Machi 2015, pale Changarawe karibu na Mafinga, kontena la lori liliangukia basi la abiria, na zaidi ya watu 40 walikufa. Iringa na Mbeya nzima ililia. Watu walizungumza sana juu ya shimo la barabarani na juu ya mwendo. Kontena hushikwa na tela kwa kufuli nne, moja kila pembe, na kufuli hizo hulika, hupinda, hukosa ulimi. Ni mali ya tela. Ukimkagua dereva, ukakagua kichwa, ukapima uzito, bado hujazigusa.

Kwingine jambo hili lilishaamuliwa. Nchi za Umoja wa Ulaya, kwa agizo la mwaka 2014, zinalazimika kupima kila mwaka matela yote ya zaidi ya tani 3.5, na Uingereza nayo inayapima kila mwaka. Mabishano yao ya sasa ni juu ya vile vidogo: karavani, zile nyumba za kukokotwa ambazo familia inazifunga nyuma ya gari dogo kwenda likizo, na vitela vya kubebea mizigo ya bustani. Ujerumani hata hivyo inavipima, kwa kawaida kila baada ya miaka 2. Nyuzilandi nayo inavidai cheti cha ukaguzi. Uingereza haivipimi, na mwaka 2014 mjini Bristol tela lililochomoka kwenye gari lilimuua mtoto wa miaka 3 akitembea na mama yake kando ya barabara. Kifo hicho kiliamsha mjadala mpaka bungeni, na sheria ya mwaka 2018 ikaitaka serikali iandike ripoti juu ya ajali za matela. Mtoto mmoja, na nchi ikasimama ikauliza tela lile lilikuwaje. Wala sisemi wao ni bora kuliko sisi. Nasema swali hilo, tela lilikuwaje, sisi hatujalizoea.

Sasa nije kwa wenye magari, maana hapa ndipo mjadala unapokuwa mgumu na sitaki kuupita mbio. Mtu mwenye kichwa kimoja na tela moja, alilolinunua mtumba kwa mkopo wa benki, si mtu mbaya. Namfahamu mmoja, ni jirani yangu. Safari moja ya Lubumbashi inaweza kumchukua wiki kadhaa, foleni ya Tunduma inamla siku, na akipiga hesabu ya mafuta, posho, vibali na rejesho la mkopo, seti ya lainingi kwa ekseli tatu inaonekana kitu cha kusubiri. Anajua kwamba jirani yake wa sokoni amesubiri pia, na ndiyo maana jirani huyo anaweza kubeba kwa bei ya chini. Ndani ya soko la namna hii mwenye kutengeneza breki anaadhibiwa. Kipimo cha lazima kwa kila tela kinaondoa adhabu hiyo, kwa kuwa gharama inakuwa ya wote na inaingia kwenye bei ya mzigo, mahali pake halali.

Anayehitaji kipimo hicho kuliko wote, hata hivyo, ni dereva. Suka mmoja aliniambia pale Mbalizi, tukinywa chai kwenye kibanda: "Kaka, ukimwambia bosi tela halishiki, anakwambia nenda nalo polepole. Ukikataa, kuna mwenzako anasubiri ufunguo." Yeye ndiye anayeketi mbele ya tani 50, ndiye atakayekamatwa, na gazeti litaandika kwamba dereva ametoroka. Lakini hana karatasi yoyote ya kumwekea bosi mezani. Mpe cheti chenye tarehe iliyopita, au risiti ya mashine inayosema ekseli ya kati haina kitu, na anakuwa na pa kusimamia. Anaweza kusema siruhusiwi. Leo anachoweza kusema ni kwamba anaogopa, na woga haulipwi posho.

Mashine yenyewe si ajabu. Ni jozi ya marola yaliyolazwa kwenye sakafu. Gurudumu linakaa juu, marola yanalizungusha, dereva anakanyaga, mashine inasoma ekseli ile inazuia kwa nguvu kiasi gani na kama kulia na kushoto vinalingana. Inachukua dakika chache. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo kina kituo cha kukagua magari kwa mashine, kwa hiyo ujuzi uko nchini. Kinachotakiwa ni kuileta ilipo miteremko. Mizani ya Uyole, Makambako, Wenda na Mpemba zina viwanja, zina umeme, zina foleni ambayo tayari imesimama. Ziwekewe marola pembeni. Sisemi kila gari lipande kila siku. Lichaguliwe moja katika kadhaa, likiwa na mzigo wake, hapohapo. Na zaidi ya hilo, kila tela liwe na cheti chake, kwa namba yake, cha miezi 6, kibati kilichopigiwa ripiti kwenye chesisi karibu na namba. Likishindwa, linashushwa miguu. Kichwa kiende kutafuta tela jingine. Kutenganisha hivyo ndiko kutamfundisha mwenye mali kwamba tela nalo ni gari.

Najua neno litakalofuata: rushwa. Atapewa mtu elfu kadhaa, cheti kitatoka. Inawezekana. Lakini tofautisha ukaguzi wa macho, ambao haumwachii mtu chochote cha kurudia, na namba iliyochapwa na mashine ikahifadhiwa pamoja na namba ya tela na jina la aliyekuwa zamu. Tela likiua wiki 2 baada ya kupewa alama nzuri, kuna wa kuulizwa. Mizani zenyewe zilikuwa na sifa mbaya. Kuziunganisha na kompyuta na kamera kumepunguza nafasi ya mkono kwa mkono, na hilo madereva wenyewe wanalisema.

Kuna matela mengine ambayo siwezi kuyaacha, ingawa hayahitaji marola. Nenda Mbarali mwezi wa sita, mpunga unapotoka mashambani. Pale Igurusi na Chimala, jua likishazama, utakuta trekta limevuka kutoka barabara ya vumbi likaingia lami, nyuma limefunga tela la magurudumu mawili, magunia yamepangwa hadi juu na juu ya magunia wamekaa vibarua, wanawake kwa wanaume, wamechoka. Tela halina taa. Halina hata kipande cha kiakisi. Pini iliyolishika ni nondo iliyokunjwa. Nyuma yake linakuja basi au lori la kwenda Zambia, na dereva wake ataliona akiwa amebakiza hatua chache. Ukimdai mkulima huyo cheti cha mashine utakuwa unamwonea. Lakini viakisi viwili, pini ya dukani, mnyororo wa akiba wa kushika tela pini ikikatika, na marufuku ya kubeba watu juu ya mzigo usiku: haya yanaweza kukaguliwa kijijini, kwenye ofisi ya kata au kwenye skimu ya umwagiliaji, wiki moja kabla ya mavuno, bila ada. Halmashauri inakusanya ushuru wa kila gunia linalotoka pale. Viakisi si deni kubwa.

Barabara yetu inapanuliwa sasa. Kutoka Nsalaga hadi Ifisi, kilomita 29, zitakuwa njia nne, na tunashukuru, kwa kuwa tumeteseka na foleni miaka mingi. Lakini lami pana haimpunguzii uzito anayeshuka. Njia nne zikikamilika, mteremko utakuwa palepale, na mwendo utakuwa mkubwa zaidi. Ndiyo maana nasema sasa, viwanja vikiwa bado vinachimbwa na ramani zikiwa bado mezani, ndipo penye nafasi ya kutenga kipande cha ardhi kwa ajili ya marola hayo kabla ya Iwambi. Madiwani, wabunge wa Mbeya na Songwe, na wahandisi wa TANROADS, wakala wa barabara, waliopo hapa hapa, hili liko ndani ya uwezo wenu wa kulisemea.

Tela la mbolea lilikaa pale Iyunga hadi saa kumi jioni. Mzee alibadilisha mpira, akafungua boliti la busta, akaweka lainingi mpya upande wa kushoto wa ekseli ya nyuma. Zilikuwa za upande huo mmoja tu. Fedha iliyotumwa kwa simu iliishia hapo. Dereva alimshukuru, akavaa koti, akamwita utingo. Lile boliti mzee alilitupa kwenye kopo la chuma lenye mengine ya aina hiyohiyo, na lilikuwa limekaribia kujaa. Taa ya nyuma ilikuwa inawaka vizuri lilipokunja kuingia lami. Hakuna karatasi hata moja, gereji wala mizani wala polisi, iliyoandika kwamba asubuhi ya siku ile lilikuwa limeingia Mbeya likiwa na ekseli moja inayoshika kidogo.